Kazi ya Bima Ukubwani



Tangu mwaka 2017 mimi ni wakala wa bima katika wilaya za Mbinga na Nyasa. Niliianza kazi hii nikiwa na miaka 47, mwenye mke, watoto wanne na mvi za kutosha. Mara nyingi baada ya Misa mtu wa rika langu hunivuta kando na kuniuliza: "Mzee mwenzangu, kazi hiyo ina chakula? Nami naweza kuianza, au nimechelewa?" Wengine huuliza kwa sababu kahawa imewachosha, wengine kwa sababu watoto wamefika sekondari na mfuko umetoboka, wengine kwa sababu wamestaafu na bado wana nguvu. Majibu ya njiani hayatoshi. Leo nimeona yafaa niwajibu wote pamoja, tena bila kuficha lililo zito.

Bima ni kama ngoro

Kwanza yatupasa tujue kinachouzwa ni nini, maana wengi huinunua bima kama wanavyonunua kibali cha kumwonyesha trafiki barabarani.

Sisi wa Umatengo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tazama ngoro zetu. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana, wanawake huchimba udongo katikati na kuyafunika, na mlima mzima huwa mashimo na matuta kama sega la nyuki. Juu ya matuta twapanda maharage, na msimu unaofuata mahindi. Wageni wamekuja kutoka vyuo vikuu, hata kutoka Japani, kusoma kazi hiyo ya bibi zetu. Mvua kubwa ikinyesha, maji yote yangekimbia pamoja, yakabeba udongo na mbegu, yakamwachia mtu mawe. Lakini kila shimo hushika maji yake kidogo. Hakuna shimo moja liwezalo kuishika mvua yote. Mashimo elfu yakishika kidogo kidogo, shamba lapona.

Bima hufanya hivyo hivyo. Tuseme sokoni kuna wafanya biashara 100, na kila mmoja ana kibanda chenye mali ya shilingi 2,000,000. Kwa mwaka mmoja kibanda kimoja chaweza kuungua, lakini ni cha nani, hakuna ajuaye. Kila mtu akitoa shilingi 30,000, zapatikana shilingi 3,000,000. Aliyeunguliwa apewa 2,000,000 zake. Zinazobaki zalipa makarani na kodi, na nyingine zawekwa kwa ajili ya mwaka mbaya ambao vibanda viwili vitaungua. Wale 99 wasiopatwa na moto wasiseme wametupa fedha. Mwaka mzima wamelala usingizi.

Utasema: "Mambo hayo tulikuwa nayo zamani." Ndiyo, tulikuwa nayo. Wazee wetu walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, vyakula vikitoka katika kila nyumba, na hapo hapo ilijulikana nani mgonjwa, nani amefiwa, nani hana mbegu. Siku hizi tuna jumuiya ndogo ndogo, tuna vikoba, tuna vyama vya kufa na kuzikana. Hivyo vyote ni vyema, wala mtu asiviache kwa sababu ya bima.

Lakini vina upungufu mmoja. Waliomo wote wanakaa chini ya wingu moja. Mwera ukivuma vibaya ziwani, haupasui mtumbwi mmoja. Wavuvi wa pwani nzima, kuanzia Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, waweza kupata hasara siku ile ile. Bei ya kahawa ikianguka, yaangukia Litembo na Maguu pamoja. Kijiji kizima kikilia, nani amchangie nani? Hapo ndipo panapotakiwa ngoro za milima ya mbali, za watu wa Mwanza na Tanga na Iringa ambao mwera wetu hauwafikii. Kuwaunganisha watu wasiojuana ndiyo kazi ya kampuni ya bima, na wakala ndiye mkono wake kijijini.

Wasomaji walimao kahawa watafurahi kujua kwamba bima ya vyombo vya majini ilikua katika mkahawa. Katika miaka ya 1680 mjini London, mtu aitwaye Edward Lloyd alikuwa na nyumba ya kuuzia kahawa. Manahodha na matajiri wa meli walikutana humo kupata habari za safari. Mwenye meli aliweka karatasi mezani, na kila tajiri aliyekubali kubeba sehemu ya hatari aliandika jina lake chini yake. Meli ikizama, kila mmoja alilipa sehemu yake, na hakuna aliyefilisika peke yake.

Kwetu, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawa mali ya Serikali, na kwa miaka mingi huku Bara hapakuwa na kampuni nyingine. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni za watu binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo husajili kampuni na mawakala na kuwachunga.

Je, ni kukosa imani?

Mama mmoja mzee wa upande wa ziwani aliniambia: "Mwanangu, bima yangu ni Rozari." Sikumcheka, wala wewe usimcheke. Rozari yake imemvusha mahali ambapo mimi nisingevuka. Lakini Mama Kanisa hatufundishi kwamba mwenye kusali asiweke akiba. Yusufu kule Misri hakungoja njaa ifike ndipo asali. Miaka saba ya shibe alitenga sehemu ya tano ya mavuno, na wenye njaa wakapona, pamoja na ndugu zake waliokuwa wamemwuza.

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alivisifu vyama vya kusaidiana vinavyomtunza mfanyakazi, mjane wake na yatima wake wakati wa maafa, ugonjwa na kifo. Na Papa Yohane XXIII, katika Mater et Magistra ya tarehe 15 Mei 1961, aliwakumbuka wakulima kwa namna ya pekee. Alieleza kwamba katika ukulima huenda zikahitajika bima za namna mbili: moja kwa ajili ya mazao, na nyingine kwa ajili ya wakulima wenyewe na jamaa zao. Maneno hayo yaliandikwa kabla sijazaliwa, nami nikiyasoma naona kana kwamba mwandishi alipita Umatengo akatazama mashamba yetu.

Hata hivyo tusiikuze bima kupita kadiri yake. Bima hairudishi mtu aliyezama. Haikai usiku na mgonjwa. Mwenye bima na asiye na bima, wote wawili wahitaji jirani.

Mwanzo wa kazi

Kabla ya bima nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha kahawa, miaka 19. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini ni ya miezi ya mavuno tu. Mtoto wa pili alipoingia sekondari, nilipiga hesabu nikaona miezi mingine haina kitu. Nikatafuta kazi. Ofisi nilizokwenda walinitazama kichwani kwanza, kisha wakaniambia nafasi zimekwisha. Mtu wa miaka 47 huku kwetu huitwa mzee kwa heshima, lakini heshima hiyo haimpi mshahara.

Bima haikunikataa. Lakini hakuna aruhusiwaye kuuza kwa mdomo mtupu. Yakupasa usome, ufanye mtihani, upate cheti, uwe na kampuni inayokukubali, na Mamlaka ikusajili. Nilirudi kwenye daftari baada ya miaka zaidi ya 25. Binti yangu wa kidato cha pili alinisahihisha hesabu za asilimia usiku, naye alinionea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea yeye. Kichwa cha ukubwani hushika pole pole, lakini kikishika hakiachi, kwa sababu kila fundisho kina mahali pa kulitundika. Mwalimu akisema "hasara", kijana huandika neno. Mtu mzima hukumbuka mwaka.

Sasa habari ya chakula. Wakala hana mshahara. Hupata kamisheni, yaani sehemu ndogo ya ada aliyoleta. Asipouza, hapati. Mwezi wangu wa kwanza niliuza bima mbili za pikipiki, na kamisheni yake haikufika bei ya gunia la mahindi. Mwezi wa pili niliuza moja. Mke wangu hakunilaumu. Aliacha tu kununua sukari.

Nilipoanza, njia ya kushuka Mbamba Bay ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Sasa ni lami, kilomita 66 kutoka Mbinga. Lakini hata leo njia za pembeni zinadai miguu. Toka milimani ambako asubuhi mtu huvaa koti, hata ufukoni ambako shati lalowa jasho, ni mteremko wa mita zaidi ya 1,000, na watu wake hawapati fedha siku moja. Mwenye kahawa hulipa ada baada ya kulipwa kahawa. Mwenye usipa hulipa usipa ukiwa mwingi na mwezi ukiwa na giza. Atakayeingia kazi hii kwetu na aijue kalenda ya kahawa na ya ziwa; kalenda ya ukutani itamdanganya. Mwaka wa kwanza ulitupita kwa sababu hatukuacha shamba. Mwaka wa pili waliokata bima mwanzoni walianza kuzihuisha, na hapo ndipo sukari iliporudi nyumbani.

Bima ndogo na bima kubwa

Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kwangu kutoka stendi akibubujika machozi. Pikipiki yake, aliyoinunua kwa mkopo, ilikuwa imeibwa usiku. Mkononi alishika karatasi ya bima aliyouziwa na mtu mwingine, mahali pengine. "Mzee," alisema, "nilipe lini?" Nikaisoma. Ilikuwa bima ndogo.

Sheria yamtaka kila mwenye chombo cha moto barabarani awe walau na bima ndogo. Lakini bima hiyo huwaangalia watu wengine: yule uliyemgonga, na mali uliyoiharibu, kwa kadiri ya mkataba. Pikipiki yako wewe haimo. Ikiibwa, ikiungua, ikivunjika, ni hasara yako. Anayetaka mali yake mwenyewe ilindwe akate bima kubwa, nayo ina ada kubwa zaidi. Kijana yule hakuwa ameelezwa. Aliona neno "bima", akaamini kwamba limemfunika mwili mzima, kumbe limefunika mguu. Mkopo alibaki nao.

Nimemtaja ili ujue ni nini hasa kinachotakiwa kwa wakala. Kueleza bima inalipa nini ni rahisi. Kila mtu aweza. Kazi ni kueleza isicholipa, tena kabla fedha hazijatoka mfukoni, huku wajua kwamba ukimaliza kueleza huenda mnunuzi akaondoka na kamisheni yako. Nimepoteza wanunuzi wengi kwa njia hiyo. Baadhi yao walirudi baadaye, wengine hawakurudi.

Siku ya kusema la

Nimefika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake nimeandika habari hizi.

Tulipokuwa tukifundishwa tuliambiwa: "Anzeni na ndugu, marafiki na majirani." Ni shauri la kweli. Kijana ana miguu. Mtu mzima ana jina. Watu walikuwa wamenijua miaka 19 mbele ya mizani, nao walijua kwamba haikuelemea upande. Nikisema "nunua", wananunua. Karatasi wengi hawaisomi. Wanachonunua ni jina langu. Lakini siku ya shida watu hao hao watakuja kulikopa jina hilo.

Shemeji yangu mmoja alikuwa na duka. Nilimwendea mara tatu kumweleza habari za bima ya moto, naye kila mara alisema tungoje kahawa ilipwe. Usiku mmoja wa mwezi wa Juni, upepo ukiwa mkali, moto ulianza katika jiko la jirani ukavuka. Duka likateketea, na kila kilichokuwamo.

Kulipopambazuka alikuwa mlangoni kwangu, nguo zikinuka moshi. Akanitia mkononi shilingi 90,000 zilizokunjwa. "Shemeji," alisema, "waambie kwamba nilikupa fedha hizi juzi, nawe ukachelewa kuzipeleka. Ni siku mbili tu. Nani atajua?"

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Yule ni kaka yake, tumbo moja.

Ndugu msomaji, huenda kweli wasingejua. Nilikuwa naaminiwa. Kampuni ina ofisi za vioo, na mtu huyu ana watoto sita wasio na sufuria. Mbele yangu alikuwako mmoja anayelia, na waliokuwa upande wa pili sikuwaona kwa macho. Lakini wako. Yuko mama wa Liuli anayekausha usipa, aliyelipia banda lake kwa noti za elfu moja moja zenye harufu ya samaki. Yuko mwenye lori wa Kigonsera. Wako watu nisiowajua, wa mikoa nisiyofika. Wote wametia fedha zao mahali pamoja, wakiamini kwamba bawabu hatamfungulia asiyetia. Bawabu wa mlango wa huku kwetu ni mimi. Kama ningefungua, ningekuwa nimempa shemeji mali ya mama yule, na sifa ya ukarimu nikajitwalia mwenyewe.

Nikasema: "La, shemeji. Siwezi."

Alinitazama kitambo kirefu. Akachukua fedha zake, akaenda.

Siku ile ile tulimpelekea magunia mawili ya mahindi na debe la maharage, na jumuiya yetu ikachanga fedha za mabati. Hivyo vilitoka katika ghala langu na mifuko ya majirani, mahali ambapo tulikuwa na haki ya kutoa. Alivipokea kwa mkono wa mkewe. Mwaka uliofuata binti yangu alipopata Kipaimara, hakuja. Sasa twasalimiana mlangoni mwa kanisa, lakini nyumbani kwangu bado hajaketi.

Usiku ule mke wangu alinyamaza mpaka tukazima taa. Kisha akasema: "Kumbe kazi yenyewe ni hii." Nikamjibu kwamba ndiyo hii.

Kwa anayetaka kuanza

Basi wewe mwenzangu wa miaka 40 au 50, ukiniuliza kama umechelewa, nakujibu: hujachelewa. Kazi hii yamfaa mtu mzima kuliko kijana, kwa sababu watu hawatoi fedha zao leo kwa ajili ya ahadi ya kesho isipokuwa kwa mtu ambaye kesho wajua pa kumpata. Nyumba yako, kaburi la baba yako, kiti chako kanisani, vyote vyakudhamini.

Lakini fikiri mambo matatu kabla ya kuanza. Kwanza, usiache shamba. Hakikisha ghala lina chakula cha mwaka mmoja, maana mwaka wa kwanza ni wa kuonja njaa. Pili, ada ya mtu isilale mfukoni mwako hata usiku mmoja. Ipeleke ilivyo, kwa njia ya kampuni, na umpe stakabadhi yake. Wakala aliyeanza kwa kukopa ada ya mteja anunue dawa ya mtoto hakukusudia kuiba; lakini siku ajali itakapotokea huenda mteja akajikuta hana bima, maana ada haikufika.

Tatu, ketini chini wewe na mwenzi wako wa ndoa, mjiulize: ni nani katika ukoo wetu tutakayeshindwa kumwambia la? Mtajeni kwa jina. Kama jina hilo lipo, na nyote wawili mnaona kwamba siku ikifika mtamfungulia, tafuteni kazi nyingine. Kazi njema ziko nyingi, na kufuga nguruwe hakumpeleki mtu kwenye jaribu la namna hii.

Kwa anayetaka kununua

Nanyi mnaonunua, nina neno kwenu pia, maana malalamiko yenu nayasikia: kwamba wa bima huja mbio wakati wa kuchukua, na huja kwa kuchechemea wakati wa kulipa. Mara nyingine ni kweli. Basi jilindeni.

Dai kuona usajili wa wakala, na baada ya kulipa, hakiki bima yako kwa simu. Mtoto wako aliye sekondari atakusaidia. Lipa kwa namba ya kampuni, udai stakabadhi. Kabla ya yote uliza: "Ni mambo gani ambayo hamtalipa?" Akikwepa swali hilo, funga mfuko wako. Karatasi ikiwa ya Kiingereza, mpelekee mwalimu akusomee.

Katika fomu sema kweli tupu. Kama mtumbwi umezeeka, sema. Kama una ugonjwa wa sukari, sema. Uwongo mdogo ulioandikwa leo ndio utakaokunyima fidia kesho, wala kampuni haitakuwa imekudhulumu. Hasara ikitokea, toa habari mara moja kwa kampuni na kwa polisi, usingoje matanga yaishe. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ukiona umeonewa, peleka neno kwa Mamlaka, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake iliwekwa na sheria kwa ajili ya wanyonge wasioweza kumlipa wakili.

Tena, mwenye fedha kidogo asianze na duka wala pikipiki. Aanze na afya. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ukasambaa nchini, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mimi siuzi bima hiyo, wala sipati kitu kwayo. Nasema kwa sababu nimeona shamba la kahawa la miaka 30 likiuzwa kwa juma moja kulipia upasuaji mmoja, na wana wa mwenye shamba sasa wanachuma kahawa ya wengine kwa kibarua.

Nimalizie hapa, maana kesho ni siku ya kushuka Liuli kuhuisha bima za watu kabla hazijakwisha muda. Mtuombee sisi mawakala, tuwe na maneno machache na mizani iliyo sawa, na mwombeeni pia shemeji yangu, duka lake jipya lisimame. Mungu awabariki ninyi na jamaa zenu.